Kipanya cha Kaka Chaniumiza Mkono: Ninunue Kipi cha Kuchezea?

Shikamoo Ami,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Mchana ninafanya kazi katika ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari, ambako kutwa nzima ninajaza fomu za mizigo kwenye kompyuta, na usiku, baada ya sala ya isha na chakula, ninacheza Valorant, mchezo wa kompyuta wa kulenga shabaha, pamoja na kakangu na marafiki zetu wawili walioko Changamwe. Ninaupenda mchezo huu na sitaki kuuacha, lakini mkono wangu wa kulia umeanza kunisumbua.

Kipanya ninachotumia ni cha kakangu. Ni kikubwa, kina nundu ya juu, kina vibofyo vingi upande wa kidole gumba, na kina vyuma vidogo ambavyo mtu huweza kuviongeza ndani ili kiwe kizito zaidi. Kakangu ana mikono mikubwa, naye hushikilia kwamba kipanya kizito ndicho kinachotulia mtu anapolenga. Mimi nikikishika, kidole changu cha mwisho hakina mahali pa kukaa, kwa hiyo huburuta mezani, na ngozi ya ubavu wake imekuwa nyekundu na ngumu. Nikitaka kubofya cha mbele kwenye gumba hulazimika kuuachia mshiko na kuusogeza mkono mzima. Kwa miezi kadhaa sasa nahisi maumivu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho, na asubuhi nyingine huamka kidole hicho na kile cha pete vikiwa na ganzi, ambayo huondoka nikikunjua mkono.

Nimeupima mkono kwa utepe wa mamangu, ambaye ni fundi cherehani. Kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 16.5, na upana wa kiganja bila kidole gumba ni sentimita 7.5. Meza ninayochezea ni ndogo, imetandikwa kitambaa na juu yake nailoni ya kung'aa, na sina mkeka wa kipanya. Kwa kuwa nafasi ni finyu, nimeweka DPI, yaani wepesi wa kipanya chenyewe, 3,200 na kasi ya ndani ya mchezo 0.5.

Nina shilingi 4,500. Muuzaji mmoja wa Barabara ya Digo alinionyesha kipanya cha shilingi 1,500 chenye taa za rangi, na kwenye sanduku lake pameandikwa DPI 12,800. Kisha akanionyesha kingine kilichosimama wima, akasema hicho ndicho dawa ya maumivu. Kakangu ananiambia nivumilie hadi nizoee, na mamangu ananiambia niache mchezo. Nifuate la nani?

Mwenye Mkono Mchovu, Kisauni


Marahaba mwanangu,

Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia kuhusu vifaa vya michezo hawalifanyi, nalo ni kuupima mkono kabla ya kuuliza bei. Vipimo hivyo viwili vinanitosha kukueleza mengi. Lakini kabla ya kuingia dukani, nizungumze kwanza kuhusu ganzi, maana hilo ndilo lililonitia wasiwasi nilipoisoma barua yako.

Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu kabisa na ngozi, kisha hushuka hadi ubavu wa kiganja. Mtu anayekaa saa nyingi akiwa ameegemeza kiwiko kwenye makali ya meza, au anayelaza ubavu wa kiganja kwenye kitu kigumu huku akiburuta kidole, huibana neva hiyo bila kujua, na kulala mkono ukiwa umekunjwa huzidisha mbano huo. Ndiyo maana ganzi yako huondoka unapokunjua mkono. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujanunua chochote, tazama kiwiko chako kimetua wapi unapocheza. Kama kiko kwenye makali ya meza, kunja kanga au taulo uweke chini yake, au sogeza kiti mbele hadi sehemu kubwa ya mkono ilale juu ya meza na kiwiko kisibebe uzito wowote. Ushauri wa kuvumilia hadi uzoee siukubali hata kidogo. Neva haizoei kubanwa. Huendelea kuumia hadi mkono upungukiwe na nguvu.

Nikirudi kwenye kipanya chenyewe, kakako hakukosea kwa upande wake. Kipanya kikubwa chenye nundu kinamfaa yeye kwa sababu kiganja chake kinakijaa, vidole vyake vinalala juu ya vibofyo bila kunyooshwa, na mkono wake una nguvu za kukisukuma. Kosa ni kudhani kwamba kinachomfaa yeye kitamfaa kila mtu. Mamako hawezi kukata kitambaa cha gauni lako kwa vipimo vya kakako, na kipanya nacho hakina tofauti. Mkono wa sentimita 16.5 umo katika kundi ambalo watengenezaji na wachezaji huliita dogo, kwa kuwa kwa kawaida mikono ya chini ya sentimita 17 hivi huhesabiwa midogo, na ile iliyopita 19 au 20 huhesabiwa mikubwa. Vipanya vingi vilivyotangazwa kwa ajili ya michezo vina urefu wa sentimita 12 na nusu au zaidi, kwa hiyo usishangae kwamba ulichopewa kinakushinda.

Sasa zingatia jinsi unavyokishika, kwa maana ukubwa peke yake hautoshi. Wako wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, na hao huhitaji mwili mrefu wenye nundu ya kuujaza mkono. Wako wanaogusa kipanya kwa sehemu ya nyuma tu ya kiganja huku vidole vimekunjwa kama makucha, na wako wanaokishika kwa ncha za vidole pekee, kiganja kikiwa hewani. Namna hizi tatu zote ni halali na kila moja ina mabingwa wake. Wewe kwa sasa huna uhuru wa kuchagua, kwa kuwa kipanya kirefu kimekulazimisha unyooshe vidole ili ufike mbele, na mkono ulionyooka hivyo hupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho kila unapogeuka mchezoni. Maumivu ya upande wa nje wa kifundo uliyoyaeleza ndiyo hasa yanayotarajiwa kutokana na kupinda huko.

Kwa mkono wako mimi ningetafuta kipanya chenye urefu wa kati ya sentimita 11 na 12, upana wa karibu sentimita 6 mahali vidole vinaposhika, na kimo kisichozidi sentimita 4. Ningetaka ubavu wa kulia uwe na nafasi ya kutosha ili kidole cha pete na cha mwisho vyote viwili vishike mwili wa kipanya, na si meza. Uzito ningeupendelea wa chini ya gramu 90. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na kakako, kwani katika mchezo wa kulenga shabaha unainua na kusogeza kipanya mara nyingi mno kwa saa moja, na kila gramu ya ziada inalipwa na misuli ya mkono wa chini. Wachezaji wengi wa kulipwa wa michezo ya aina hii wamehamia kwenye vipanya vyepesi, na baadhi yao hutumia vya gramu 60 hivi. Wako wanaopenda uzito, na hilo ni suala la mazoea na ladha, lakini msichana anayeumwa na kifundo hana sababu ya kuongeza vyuma ndani ya kipanya.

Nikutajie mifano ili uwe na pa kuanzia. Logitech G102 ina urefu wa milimita 116.6 na uzito wa gramu 85 ukiuondoa waya wake, na umbo lake halina nundu kubwa, kwa hiyo mkono mdogo unaoshika kwa makucha unaitawala vizuri. Razer Viper Mini ina urefu wa milimita 118 na uzito wa gramu 61, nayo ni nyembamba na ya chini. Ukitaka kuona tofauti, omba pia ushike Razer DeathAdder Essential, ambayo ina urefu wa milimita 127 na uzito wa gramu 96. Ni kifaa kizuri sana kwa wenye kiganja kikubwa, na ukiishika baada ya hizo mbili za kwanza utaelewa ninachokisema kuliko maelezo yangu yote. Logitech G304 haina waya na inafanana kwa umbo na G102, ila inatumia betri moja ya AA, na uzito wake hufika gramu 99. Kama huna haja kubwa ya kuondokana na waya, fedha zako zitakununulia kipanya bora zaidi chenye waya. Ukichukua kisicho na waya, kitumie kwa kipokezi chake cha USB na si kwa Bluetooth, ambayo huchelewa zaidi.

Kuhusu kile cha shilingi 1,500 chenye DPI 12,800, namba hiyo isikuvutie. DPI ni hesabu ya alama ambazo kihisi, yaani jicho la chini ya kipanya linalosoma mwendo, hutuma kwa kila inchi moja, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Valorant wanatumia 800 au 1,600 tu. Katika vifaa vya bei ya chini, namba kubwa za sandukuni mara nyingi hupatikana kwa programu kukisia alama ambazo kihisi chenyewe hakikuziona, na matokeo yake ni mshale unaotetemeka. Muulize muuzaji jina la kihisi. Sanduku linalotaja kihisi kinachojulikana, kwa mfano kimojawapo cha kampuni ya PixArt, linakupa kitu cha kuchunguza, na lile lenye namba kubwa na taa za rangi bila jina lolote halikupi. Jambo jingine la kuangalia ni mara ngapi kipanya hutoa taarifa kwa kompyuta. Mara 125 kwa sekunde ni taarifa moja kila milisekunde 8, na mara 1,000 ni moja kila milisekunde 1. Tafuta 1,000, na usilipie zaidi ya hapo.

Kuna jambo ambalo matangazo kutoka nchi za baridi hayalisemi, na sisi watu wa Pwani hulijua kwa mikono yetu. Vipanya vingi hupakwa mpira laini ubavuni ili visiteleze. Katika joto na unyevu wa Mombasa, hasa msimu wa kaskazi ambapo hata usiku feni haikaushi jasho, mpira huo hulainika kadiri miaka inavyokwenda, ukaanza kunata na kukusanya uchafu mweusi kwenye vidole, na kuufuta ni kazi ngumu. Kwa hiyo chagua kipanya chenye plastiki kavu iliyokwaruzwa kidogo au yenye vijistari ubavuni, wala usichukue chenye plastiki ya kung'aa, ambayo huteleza mara tu kiganja kinapolowa. Unyevu pamoja na hewa ya chumvi pia husaidia kuchafua vijibati vya shaba vilivyo chini ya vibofyo, na hapo ndipo kipanya huanza kubofya mara mbili wakati wewe umebofya mara moja. Vipo vibofyo vinavyofanya kazi kwa mwanga badala ya vijibati, ambavyo Razer ilianza kuviweka kwenye vipanya vyake mwaka 2019, na Viper Mini ni mojawapo ya vipanya vyenye vibofyo hivyo. Kwa mtu anayeishi Kisauni, mimi naihesabu hiyo kuwa sifa ya kweli.

Ukifika dukani, omba sanduku lifunguliwe. Muuzaji asiyekubali kufungua, nenda kwa mwingine, kwa maana maduka ya vifaa vya kompyuta mjini ni mengi. Weka kipanya juu ya kaunta, fumba macho, ukishike kama unavyotaka kucheza, kisha ufumbue na utazame. Je, kidole cha mwisho kiko wapi? Je, gumba linafika kwenye vibofyo vyote viwili vya pembeni bila kiganja kuhama? Kiinue kidogo kwa gumba na kidole cha pete tu, na kama unalazimika kukibana kwa nguvu, kirudishe. Kitikise sikioni, nacho kisisikike kitu kinachogonga ndani. Baada ya hapo kaa nacho dakika kadhaa mkononi huku mkizungumza bei, kwa sababu usumbufu wa kweli hauji katika sekunde za kwanza. Dai risiti na waranti iliyoandikwa.

Sasa nije kwenye meza yako, ambayo naamini inachangia maumivu kuliko unavyodhani. DPI 3,200 kwa kasi ya 0.5 katika Valorant maana yake ni kwamba mhusika wako huzunguka nyuzi 360 kwa mwendo wa takriban sentimita 8 tu wa kipanya. Mwendo mfupi namna hiyo hufanywa na kifundo peke yake, kikiwa kimekazwa wakati wote kwa sababu kosa la milimita moja linakupotezea shabaha. Mchezaji anayetumia DPI 800 kwa kasi ya 0.35 huhitaji karibu sentimita 47 kuzunguka mzima, na huyo huusogeza mkono kuanzia kiwikoni na begani, mahali penye misuli mikubwa. Sikutaki urukie huko kwa siku moja, na meza yako haingeruhusu. Weka DPI 800 na kasi 0.8, ambayo itakupa mzunguko wa sentimita 20 hivi, ucheze hivyo hadi usahau kwamba umebadilisha, kisha ushushe kidogo kidogo kadiri nafasi inavyoruhusu. Katika Windows, zima pia ule mpangilio unaoubadilisha mwendo wa mshale kulingana na kasi ya mkono, ili umbali uleule ukupe mwendo uleule kwenye kazi zako zote.

Nailoni ya mezani ni lazima uiondoe upande unaochezea. Mwanga wa kihisi hudanganywa na sehemu za kung'aa na za kupenyeza mwanga, na mkono wenye jasho hugandamana nayo, kwa hiyo unaposogeza kipanya unavuta ngozi kwanza. Nunua mkeka mpana wa kitambaa, utakaobeba kipanya pamoja na mkono wako wa chini. Katika shilingi 4,500 zako, mimi ningetenga kati ya 700 na 1,000 kwa ajili ya mkeka kabla ya kuchagua kipanya, hata kama maana yake ni kushuka daraja moja la kipanya. Mkeka hufuliwa kwa maji na sabuni ya unga kidogo, ukaanikwa kivulini.

Kile kipanya kilichosimama wima si dawa, lakini pia si ulaghai. Huuweka mkono kama unaotaka kusalimia, na hivyo hupunguza kusokota kwa mifupa miwili ya mkono wa chini, jambo ambalo huwapa baadhi ya watu nafuu katika kazi za ofisi. Kwa Valorant sikipendekezi, kwa maana ni vigumu kukiinua na kukirudisha haraka, na kila unapobofya unakisukuma pembeni. Mahali pake panaweza kuwa ofisini kwako, na hapo naona tumefika kwenye nusu ya pili ya tatizo lako, ambayo umeipitia kwa sentensi moja tu. Mkono unaofika nyumbani jioni tayari umechoka kwa kujaza fomu za mizigo kutwa nzima, na mchezo unalaumiwa kwa deni ambalo sehemu yake ni ya ofisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri nchini Kenya achukue hatua ili kituo cha kazi na vifaa vimfae mfanyakazi, kwa hiyo una haki ya kuomba kwa heshima kipanya kinacholingana na mkono wako. Wakati unasubiri jibu, jifunze kutumia mkono wa kushoto kwa zile kazi nyepesi za ofisini kama kusoma na kupitia kurasa. Siku za mwanzo ni za tabu, lakini mkono wa kulia utapata mapumziko ambayo hauyapati sasa.

Kwa mamako, mwambie kwamba nimekuomba upumzike usiku wowote mkono unapouma, na kwamba baina ya mechi na mechi usimame, uunyooshe mkono chini na kufungua na kufunga kiganja. Si lazima uache mchezo. Lakini ikiwa baada ya wiki tatu au nne za mkeka, kasi mpya na kipanya kipya ganzi bado inakuamsha, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, au ganzi ikihamia kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, ambavyo huhudumiwa na neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, acha kucheza mara moja uende ukaonwe na daktari. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko hapo kisiwani, si mbali na njia yako ya kwenda kazini. Mweleze daktari saa unazotumia kompyuta ofisini na nyumbani pia, bila kuficha zile za mchezo.

Ami